Mzigo Umetoka. Chombo Je?

Video ilikuwa fupi. Roboti ya chini ya maji imetulia mbele ya ubao wenye tundu, taa zake zinawaka. Mlango wa bomba unafunguka, mzigo mdogo wa rangi ya machungwa unachomoka, unasafiri na kupita katikati ya tundu bila kugusa kingo. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Kilikuwa kikao cha tathmini ya usanifu, na wanafunzi waliosimama mbele yetu walistahili makofi hayo. Kupitisha kitu kwenye tundu chini ya maji, kwa chombo kisichoongozwa na mkono wa mtu, si jambo dogo.

Ila aliyekuwa akirekodi hakuzima kamera papo hapo. Mzigo ulipokwisha kupita, pua ya roboti ilianza kuinuka. Ikazidi kuinuka. Propela zikapandisha kasi, zikapoa, zikapandisha tena, na chombo kikaponyoka kuelekea juu hadi kikatoka kwenye picha. Video ikaishia hapo.

Hakuna aliyeuliza.

Maswali yote yalihusu mzigo: kasi yake, usahihi wake, springi iliyotumika, plastiki iliyochapwa kwa printa. Nikaondoka na zile sekunde za mwisho kichwani, na wiki kadhaa baadaye bado zinanisumbua. Kila nikifungua ripoti ya timu nyingine naona kitu kilekile: kurasa nyingi kuhusu kinachoruka, na mistari miwili mitatu kuhusu kinachobaki.

Nimeanza kuamini kwamba tunawafundisha wanafunzi kuanza upande usiofaa.

## Mtupo hupita, uzito hubaki

Mwanafunzi wa uhandisi akiambiwa abuni mfumo wa kurusha mzigo, jambo la kwanza linalomjia ni nguvu. Nisukume kwa nini? Springi, hewa iliyoshindiliwa, pampu ya maji, au mota yenye meno? La pili ni mrudisho: nikisukuma mzigo mbele, chombo kitasukumwa nyuma. Hilo analijua tangu sekondari, na Newton hamwachii nafasi ya kusahau.

Basi tuuhesabu mrudisho huo. Chukua chombo cha kilo 30 kinachorusha mzigo wa kilo 1 kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde. Chombo kitarudi nyuma kwa kasi isiyozidi sentimita 10 kwa sekunde, tena kwa kuwa kinaburuta maji yanayokizunguka, itakuwa chini ya hapo. Ukinzani wa maji utaila kasi hiyo upesi, na propela zitamalizia. Ni mshtuko wa muda mfupi, basi.

Badiliko la uzito ni habari nyingine. Halipiti. Tangu mzigo unapotoka hadi chombo kinapotolewa majini, chombo kile si kile tena kilichopangwa uzito asubuhi. Kimekuwa chepesi zaidi, au kizito zaidi, au kitovu chake cha uzito kimehama, na mara nyingi ni mawili kati ya hayo kwa pamoja. Programu iliyorekebishwa kwa uvumilivu ili kukituliza inaendesha chombo ambacho haikijui.

Ndiyo maana naona ajabu kwamba ripoti huandika aya nzima kuhusu mrudisho na kunyamaza kuhusu uzito.

## Hesabu ya pua

Nilikaa na kalamu nikijaribu kuelewa ile pua. Sikuwa na vipimo vya timu ile, kwa hiyo niliweka tarakimu za chombo cha kawaida cha wanafunzi.

Mzigo una kilo 1 na ujazo wa lita 0.6, umebebwa kwenye bomba lililo wazi kwa maji. Ndani ya maji baridi, lita 0.6 hupokea msukumo wa kuelea wa gramu 600, kwa hiyo mzigo unauelemea mwili wa chombo kwa gramu 400 tu. Ukitoka, maji huchukua nafasi yake, na chombo kinakuwa chepesi kwa gramu hizo 400, yaani karibu nyutoni 4 za kukivuta juu.

Gramu 400 zinasikika kama kitu cha kupuuzwa. Sasa weka bomba hilo mbele, nusu mita kutoka katikati ya chombo, mahali ambapo karibu kila timu huliweka ili mzigo utoke bila kugonga fremu. Nyutoni 4 mara nusu mita ni nyutoni-mita 2 za kuinua pua. Na kinachopinga pua isiinuke ni nini? Ni umbali kati ya kitovu cha kuelea, yaani mahali ambapo msukumo wa maji unakiinua chombo, na kitovu cha uzito, basi. Chombo cha kilo 30 ambacho vitovu hivyo vimeachana kwa sentimita 2, pua ikisimama wima kabisa, kina uwezo wa kujirudisha wa nyutoni-mita 6 hivi. Kitatulia pale ambapo nguvu mbili zinalingana, na hapo ni karibu nyuzi 20 za kuinama.

Nyuzi 20!

Kamera ya mbele sasa inatazama uso wa maji. Propela za kwenda mbele sasa zinapandisha. Kifaa cha sauti kinachopima umbali kutoka chini kinatuma mawimbi yake kwa mshazari. Na yote hayo kwa mzigo ambao mkononi mwako majini ungehisi kama tofaa kubwa mbili.

Ukishusha betri na kuinua foamu hadi vitovu viachane kwa sentimita 5, pembe ileile inashuka hadi nyuzi 8 hivi. Ukisogeza bomba chini ya tumbo, karibu na katikati, pembe inakaribia sifuri na linabaki tatizo la wima peke yake, ambalo propela za kupanda na kushuka zinalimudu. Hakuna hata moja kati ya marekebisho haya linalogusa springi wala kasi ya mzigo. Yote yako kwenye chombo, na yote ni rahisi yakifanyika siku ya kwanza, na ni machungu yakifanyika fremu ikiwa imeshakatwa na kuchomelewa.

## Mlango usiofunguka

Kuna timu hupenda bomba kavu: mzigo unakaa kwenye hewa, umefungiwa nyuma ya mlango wenye oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji. Wana sababu nzuri. Mzigo wenye vifaa vya umeme hauhitaji kuloweshwa kabla ya wakati wake, na wengine hubeba vitu ambavyo havifai kugusa maji kabisa mpaka viachiliwe.

Mezani mlango unafunguka kwa mota ndogo bila shida. Kisha wanashuka mita 5 na mlango unakataa. Wanabadilisha mota. Unakataa. Wanalaumu mota.

Mlango wa duara wenye kipenyo cha sentimita 10 una eneo la sentimita za mraba 78 na ushee. Katika mita 5, maji yanazidi hewa iliyo ndani kwa karibu nusu bar, yaani nusu ya shinikizo la hewa ya kawaida. Zidisha: mlango unakandamizwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 40. Katika mita 10 ni kilo 80, uzito wa mtu mzima aliyesimama juu ya kifuniko. Hakuna mota ya kuchezea itakayomwinua.

Njia ya kutoka inajulikana siku nyingi: sawazisha kwanza, fungua baadaye. Nyambizi za makombora hufanya hivyo. Tarehe 20 Julai 1960, nyambizi ya Marekani USS George Washington ilirusha kombora la Polaris ikiwa imezama, na katika mfumo wa namna hiyo shinikizo ndani ya bomba huletwa sawa na la bahari kabla kifuniko kizito hakijafunguliwa. Kombora husukumwa nje kwanza, injini yake huwaka likishafika juu. Na hapa ndipo ninapotaka wanafunzi waangalie: mara kombora linapotoka, bahari inamiminika kujaza bomba tupu, na kuna matangi ya kurekebisha uzito ambayo kazi yake ni kuhakikisha nyambizi haipandi wala haizami kwa sababu ya tofauti iliyobaki. Wahandisi wale walibuni kuondoka kwa kombora na kubaki kwa nyambizi kama kazi moja.

Bomba lenye maji nalo lina mtego wake, wa kinyume kabisa. Mzigo umekaa ndani, springi iko nyuma yake, nyuma ya springi kumezibwa. Unaachilia kifungo na mzigo unajikokota kama uliokwama kwenye tope. Sababu ni kwamba ili mzigo usogee mbele, maji lazima yaingie nyuma yake, nayo hayana pa kupitia isipokuwa ule upenyo mwembamba wa pembeni. Toboa mashimo ya kutosha nyuma ya bomba na springi ileile inakuwa springi mpya. Nimeona timu ikinunua springi yenye nguvu mara mbili kabla ya kujaribu drili.

## Kuzama kwa sababu umefanikiwa

Sasa nifike kwenye hesabu iliyonifanya nianze kuandika makala hii.

Katika mashindano ya RoboSub, yanayofanyika Marekani tangu 1998, wanafunzi huleta vyombo vinavyojiendesha vyenyewe, na kati ya kazi zake ni kurusha topedo ndogo kupitia matundu na kudondosha vitu vidogo vya alama kwenye makasha. Kanuni za usalama ni za busara. Topedo haitakiwi kuwa na kasi ya kumwachia mtu jeraha ikimgonga. Na chombo kikizimwa kwa swichi ya dharura, lazima kielee chenyewe, kikiwa na ziada ya kuelea isiyopungua nusu ya asilimia 1 ya uzito wake.

Kwa chombo chetu cha kilo 30, nusu ya asilimia 1 ni gramu 150. Timu nyingi hukaa karibu na kiwango hicho, kwa sababu ziada kubwa ya kuelea ina maana ya propela kupigana na maji muda wote na betri kuisha mapema.

Chukua bomba kavu la lita 1 lenye mzigo wa gramu 700. Kabla ya kurusha, chombo kinaelea na ziada yake ya gramu 150. Kinarusha. Mzigo wa gramu 700 unatoka, maji ya gramu 1,000 yanaingia. Chombo kimeongezeka gramu 300.

Ziada ya 150, ongezeko la 300.

Chombo hiki kikizimwa sasa, kinazama. Kimefaulu kazi yake, kimepata alama zote za kulenga, na kwa kufaulu huko kimepoteza uwezo wa kurudi juu. Kipimo cha kuelea kilichofanyika kando ya maji asubuhi kilikuwa cha kweli, ila kilipima chombo ambacho hakipo tena.

Mzigo ungekuwa na kilo 1 kamili, bomba lilelile la lita 1 lingepoteza kilo na kupokea kilo, na chombo kisingehisi tofauti ya uzito. Huo ndio uzuri wa kuanza na kinachobaki: tarakimu moja, uzito wa mzigo dhidi ya ujazo wa bomba, inaamua mambo ambayo baadaye yangehitaji matangi, pampu na mistari mia ya programu. Na tarakimu hiyo inachaguliwa bure, kwenye karatasi, kabla hujanunua kitu.

## Umeme ukikatika

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza. Kisha nikakumbuka swali ambalo mzee mmoja wa fani hii alikuwa akiwauliza wanafunzi kabla hata hawajafungua kompyuta zao: "Umeme ukikatika sasa hivi, mzigo unabaki au unaondoka?"

Wengi hawana jibu, kwa sababu hawakuchagua. Waliochagua ni vifaa vyao. Ukitumia mota ya sevo inayovuta pini, umeme ukikatika pini inabaki pale ilipo, na mzigo unabaki. Ukitumia sumaku-umeme inayoshika mzigo kwa mkondo, umeme ukikatika mzigo unaondoka. Waya wa nikromu unaokata uzi kwa joto: unabaki. Kila chaguo ni sahihi mahali fulani na ni hatari mahali pengine, na mahali penyewe hupatikana kwa kuuliza kipi ni kibaya zaidi, kuupoteza mzigo au kushindwa kuuacha.

Tarehe 23 Januari 1960, Jacques Piccard na Don Walsh walishuka kwa chombo cha Trieste hadi karibu mita 10,900, kwenye sehemu yenye kina kirefu kuliko zote duniani katika Handaki la Mariana. Juu ya vichwa vyao kulikuwa na boya kubwa lililojaa petroli, nyepesi kuliko maji. Farumi yao, yaani uzito wa kuwazamisha, ilikuwa tani kadhaa za gololi ndogo za chuma ndani ya mapipa yaliyo wazi kwa chini. Kilichozuia gololi zisimwagike ni sumaku-umeme kwenye koo la pipa: mkondo ukipita, gololi zinashikamana na kuziba njia, mkondo ukikatwa, zinamiminika na chombo kinapanda.

Kwa hiyo kila hitilafu ya umeme ilikuwa tiketi ya kurudi nyumbani. Betri ikifa, unapanda. Waya ukikatika, unapanda. Hakuna vali ya kugoma wala mlango wa kukwama, na shinikizo la karibu kilomita 11 za maji halikuwa na cha kukandamiza, kwa sababu ndani ya mapipa na nje yake kulikuwa na maji yaleyale. Nimeusoma usanifu huo mara nyingi na bado unanifurahisha. Watu wawili walikaa chini kabisa ya bahari wakitegemea kwamba *kushindwa* kwa mfumo ndiko kutakakowaokoa.

Mfano mwingine ninaoupenda hauna hata waya. Maboya ya Argo, yale yanayoteleza baharini katika kina cha mita 1,000, kisha kushuka hadi 2,000 na kupanda yakipima joto na chumvi kila siku 10 hivi, mara nyingi hushushwa kutoka melini yakiwa ndani ya sanduku la karatasi ngumu. Kifungo kinachoshika kamba huyeyuka kikilowa. Sanduku linafunguka, boya linatoka. Maji yenyewe ndiyo swichi. Na vitambulisho vinavyofungwa kwa samaki wakubwa hujitenga kwa pini ambayo hupitishiwa mkondo kidogo na kulika na maji ya chumvi hadi ikatike.

Nikiwaonyesha wanafunzi hivi vitu, wengine husema ni vya kizamani au havina mvuto. Nawaelewa. Pini inayolika haipigiwi makofi. Lakini katika maji, kinachoshinda mara nyingi ni kile ambacho maji hayana sababu ya kukipinga.

## Kuhusu hewa

Sipendi mifumo ya hewa iliyoshindiliwa kwa timu inayoanza, na nitasema kwa nini.

Hewa hubadilika na kina. Silinda yenye bar 3, ukihesabu kutoka ombwe tupu, ina bar 2 za kusukumia ukiwa juu ya maji. Katika mita 10 nje kuna bar 2, kwa hiyo imebaki bar 1. Nusu ya nguvu imepotea bila mtu kugusa chochote, na timu iliyojaribu kwenye kina cha mita moja haitajua hadi siku ya kina. Springi iliyozungukwa na maji pande zote haijali uko wapi.

Tena hewa ikitanuka ghafla hupoa, na unyevu uliomo huganda. Nyambizi ya Marekani USS Thresher ilipotea tarehe 10 Aprili 1963 na watu 129. Majaribio yaliyofanywa baadaye kwenye nyambizi dada yake, Tinosa, yalionyesha kwamba hewa ya shinikizo kubwa ikipita kwa kasi kwenda kusukuma maji nje ya matangi, unyevu uliganda kwenye vichujio vya mabomba na kuziba njia. Mfumo uliowekwa kuokoa chombo ulijiziba wenyewe wakati wa kuhitajika. Mfumo wa wanafunzi ni mdogo mno kulinganishwa na ule, lakini vali ndogo nayo ina tundu dogo, na tundu dogo halihitaji barafu nyingi.

Wanaojua kukausha hewa, kupima vali na kuheshimu silinda, waitumie. Wengine waanze na springi.

## Mashaka yangu

Nimejiuliza kama ninawaonea. Mtu wa miaka 20 anayerusha kitu chini ya maji kwa mara ya kwanza ana haki ya kushangilia, na furaha hiyo ndiyo huwaleta tena karakana saa ambazo wenzao wamelala. Mwalimu anayedai hesabu ya uzito kabla ya springi ya kwanza anaweza kuua kitu ambacho hakuna hesabu itakayokifufua. Nimeona hilo pia. Kwa sasa nimetulia hapa: warushe kwanza, kwenye tangi, kwa bomba lililofungwa kwenye benchi. Wakishafurahi, waambiwe walifunge kwenye chombo, na kamera isizimwe.

Mashaka ya pili ni mazito zaidi. Elimu hii ni moja, ya boya la utafiti na ya silaha. Kifungo kile, bomba lile, hesabu ileile ya uzito. Wapo wanafunzi wanaoliona na wanauliza waziwazi, na sidhani wanapaswa kujibiwa kwa haraka. Nawaambia ninachoamini: kwamba bahari ina kazi nyingi za kushusha na kuachilia vitu ambazo hazimuui mtu, vipimo vya hali ya hewa, nanga za vifaa vya kusikiliza nyangumi, matofali ya kuotesha matumbawe, na kwamba mhandisi ana haki ya kuuliza mzigo ni nini kabla ya kubuni mlango wake. Mmoja aliniambia hatajiunga na timu ya topedo, akaenda timu ya kuchukua sampuli. Nilimheshimu. Anabuni kifungo kizuri kuliko chao.

## Aliyekuwa wa mwisho kujua

Katika timu nyingi, bomba ni la watu wa mitambo, kifungo ni cha watu wa umeme, na utulivu wa chombo ni wa watu wa programu. Kurusha kunavuka mipaka yote mitatu kwa sekunde moja, lakini karatasi hazivuki.

Nilikaa na msichana anayeandika programu ya udhibiti katika timu fulani, nikamwonyesha ile hesabu ya nyuzi 20. Aliitazama kwa muda.

"Mwalimu, tarakimu kama hii ya chombo chetu walikuwa wanaijua tangu lini?"

Nikamwambia ilikuwa kwenye jedwali la mitambo tangu mwanzo.

"Mimi nilihangaika na pua hiyo nikidhani ni kihisi changu kibovu. Kama ningepewa tarakimu hii, ningeiambia programu kabla: ukifungua kifungo, ongeza nguvu ya kusukuma chini kwa kiasi hiki, sukuma pua chini kwa kiasi hiki. Haingesubiri chombo kiinuke ndipo ianze kurekebisha."

Alikuwa anaeleza kitu cha msingi kabisa katika fani yake. Programu inayosubiri kosa itokee huchelewa kila mara. Inayojua kosa linakuja hujiandaa. Kilichokosekana ni tarakimu moja kutoka meza moja kwenda meza ya jirani.

Tangu siku hiyo naziomba timu ukurasa mmoja tu, kabla ya mchoro wowote wa bomba: uzito wa chombo, kitovu chake cha uzito na kitovu chake cha kuelea, kabla ya kurusha na baada ya kurusha. Safu mbili. Chini yake, mstari wa kusema umeme ukikatika nini kinatokea katika kila safu. Wanaoujaza ukurasa huo huanza kubishana wao kwa wao, mitambo na programu, na mabishano hayo yana faida kuliko maswali yangu.

## Kujua kwamba umetoka

Kuna hali ya tatu ambayo ukurasa wangu wa safu mbili ulikuwa hauna: mzigo uliotoka nusu. Kifungo kimefunguka, springi imesukuma, kisha pezi la mzigo limenasa kwenye mdomo wa bomba. Programu inaamini imerusha. Inaongeza nguvu za kusukuma chini kama ilivyoambiwa, inasukuma pua chini, na chombo ambacho bado kina mzigo wake kinapiga mbizi.

Yule msichana ndiye aliyelitaja, na akaja na wazo. Badala ya kuamini kifungo, programu itazame propela zake yenyewe. Zikihitaji ghafla nguvu tofauti kukishikilia chombo pale kilipo, mzigo umeondoka kweli. Zisipobadilika, mzigo bado upo. Ule msukosuko tuliokuwa tukiuchukia unakuwa kipimo, na hakuna kifaa kipya cha kununua wala waya mwingine wa kupitisha kwenye ukuta wa chombo.

Tukaliweka kwenye karatasi, na likagongana na ushauri wangu mwenyewe. Mzigo uliosawazishwa vizuri dhidi ya bomba lake, ule wa kilo 1 kwa lita 1 niliousifu hapo juu, hauleti badiliko lolote la kuhisi. Ukiondoka, propela hazijui. Ukikwama, hazijui. Kadiri unavyofaulu kukifanya chombo kisisumbuke, ndivyo unavyokifanya kiwe kiziwi kwa tukio lenyewe.

Kwa hiyo timu yao sasa ina njia mbili mezani. Moja ni kusawazisha kikamilifu na kuweka sumaku ndogo kwenye mkia wa mzigo, na swichi inayoihisi kwenye mdomo wa bomba, ambayo hulia mkia unapopita. Nyingine ni kuacha kwa makusudi tofauti ndogo, gramu 50 au 60, bomba likiwa katikati ya tumbo ili pua isiguswe, tofauti inayotosha kusomeka kwenye mkondo wa mota na isiyotosha kula ile ziada ya 150. Mimi naelemea hii ya pili, wao wanaelemea ya kwanza, na hoja yao ni kwamba kwenye maji yenye mawimbi gramu 50 zitapotelea kwenye kelele. Huenda wako sahihi. Watazifunga zote mbili kwenye chombo kimoja na kulinganisha kumbukumbu zake.